Kwa Wanaojitolea Tamashani Mara ya Kwanza

Wadogo zangu, kila mwaka nawaona wapya wakigombea zamu za Ngome Kongwe, kwenye wageni na taa, huku safari za shamba, yaani za kupeleka filamu vijijini, zikiachiwa aliyekosa pa kwenda. Inaniuma, kwa sababu Tamasha la Nchi za Jahazi, tamasha letu la filamu lililoanza mwaka 1998, halina maana kwa Zanzibar likiishia ndani ya kuta za Mji Mkongwe. Maonyesho ya vijijini, Unguja na Pemba, ndiyo yanayolifanya liwe la wenyeji.

1. Kusi, upepo wa kutoka kusini, huvuma kwa nguvu Juni na Julai, basi skrini ifungwe kamba pande zote, na projekta isiwashwe kabla watu hawajatoka kuswali Magharibi.

2. Mpigieni hodi sheha, kiongozi wa serikali pale kijijini, kabla hamjashusha hata spika moja. Mwaka wangu wa kwanza tulichelewa kufika kijiji kimoja cha kusini, nami nikaamua peke yangu kwamba barua iliyotangulia inatosha. Tulifunga skrini kati ya minazi miwili, watoto wakatandika majamvi, nikafungulia muziki kwa sauti kubwa ili watu wakusanyike. Mzee mmoja akaja taratibu, tasbihi mkononi, akasimama mbele ya spika bila kusema neno mpaka nilipoizima. Ndipo nikasikia kisomo kikitoka nyumba ya tatu. Walikuwa wamezika alasiri ile. "Mwanangu," akaniambia, "ungepita kwangu kwanza, ningekwambia." Yeye ndiye sheha. Hakunifokea, laiti angenifokea, ningepata nafuu. Tulikunja vyombo gizani, kisha nikaingia msibani kutoa mkono wa pole, ningali na fulana ya tamasha mwilini, na kila mmoja akanipokea kwa upole ambao mpaka leo sijausahau. Mwaka uliofuata nilikwenda kwake siku tatu kabla, na nilipofika na gari nikakuta ameshatangaza filamu mwenyewe. Uwanja ulijaa hata akina mama wengine wakaitazama kutoka nyuma ya skrini.

3. Diski ijaribiwe mwanzo hadi mwisho, na awepo mtu wa kufasiri kwa kipaza sauti, maana maandishi ya Kiingereza hayamfai bibi aliyekuja na mjukuu wake.

Gari la shamba litaondoka Forodhani kesho saa nane mchana. Nahitaji watu wanne, na wawili kati yao watashuka pamoja nami nyumbani kwa sheha.