Kifaa gani cha kupunguza urefu wa maganda ya risasi yaliyotumika: cha mkono au cha umeme?

Mkuu, kwa vile umesema unajaza upya risasi za bunduki za .223 na .308 tu, na maganda yenyewe ni machache, mi naona usikimbilie mashine ya umeme. Chukua kile cha mkono cha kampuni ya Lee chenye pini inayoamua ganda likatwe hadi urefu gani, bei yake ndogo na unaweza kukifunga kwenye drili, ila jua tu pini moja ni ya aina moja ya risasi na urefu wake haubadiliki. Ukitaka kujipangia urefu mwenyewe basi nenda kwenye hivi vya mfano wa kerezo vya Forster au Lyman, vinachosha mkono lakini vinakata sawasawa kabisa. Ya umeme ya Giraud ni tamu, inakata na kulainisha mdomo ndani na nje kwa mpigo mmoja, ila hiyo ni ya mtu mwenye ndoo nzima ya maganda bwana.

Cha kwanza kununua lakini ni kalipa nzuri, yaani kipimo cha urefu. Pima BAADA ya kurudisha ganda lililotanuka saizi yake maana hapo ndo linarefuka, ganda la .308 lisizidi inchi 2.015, wengi wanakata hadi 2.005. Likizidi mdomo wa ganda unabanwa kwenye chemba ya bunduki, kichwa cha risasi hakiachii vizuri na presha inapanda, hapo hakuna mzaha.