Krismasi isile karo ya Januari: maswali yenu na majibu

Barua za mwezi huu zimetoka Nakuru, Kisumu na Magharibi, na karibu zote zina wasiwasi mmoja: Desemba itapita vipi bila watoto kurudishwa nyumbani Januari kwa kukosa karo? Nawajibu wachache hapa, na natumaini wengine mtajiona ndani ya maswali yao.

Tunaishi Kaptembwo, Nakuru. Kila mwaka tunaenda kwa wakwe zangu Malava, na watoto ni wanne. Mwaka jana tulisafiri tarehe 23, nauli ikatumaliza kabla hatujafika. Mwaka huu tusiende? – Mama watoto

Nendeni, mama, ila si tarehe 23. Nauli hupanda zaidi zile siku chache ambazo Nairobi nzima imefunga kazi na kila mtu yuko njiani. Ninyi wa Nakuru mnaumia zaidi kwa sababu magari mengi ya Magharibi huanzia Nairobi na hupita hapo yakiwa yamejaa. Kiti kimoja kikibaki, makanga anataja bei anayotaka, nawe una watoto wanne na mizigo, utabishana naye hadi lini?

Shule zikishafungwa, watoto watangulie mapema na shangazi yao au binamu mkubwa, wakati gari bado linatafuta abiria na makanga anasikiliza. Wewe na baba yao mfuate kazi ikiruhusu. Kurudi nako kunataka mpango: msingoje wikendi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, maana siku hizo ni tarehe 23 nyingine, ila watu wanaelekea upande wa pili.

Na hesabu ikikataa kabisa, mpigieni mzee simu sasa hivi, mwambie mtakuja Aprili. Mkwe akiambiwa mapema atasikitika kidogo, kisha atapanga mambo yake. Akiambiwa usiku wa kuamkia Krismasi, ameshaweka jogoo kando.

Mimi ni mwalimu Bungoma. Mshahara wa Desemba utaingia mapema, lakini nataka kuongezea mkopo wa simu ninunue mbuzi na viti vipya, maana nina wageni. Nitalipa Januari.

Hapana, mwalimu. Mshahara ukiingia mapema haujaongezeka hata shilingi. Kilichoongezeka ni siku za kungoja mwingine, na katikati ya siku hizo kuna karo, sare na kodi ya nyumba. Siku ile ile utakapoingia, toa hivyo vitatu kwanza, na chakula cha Januari. Kinachobaki ndicho cha sherehe, hata kama ni kuku wawili tu.

Kuhusu mkopo wa simu, chukua Fuliza kama mfano. Unakatwa asilimia 1 ukiichukua, kisha kuna tozo la kila siku hadi deni liishe. Lakini linaloniuma zaidi ni kwamba inajilipa yenyewe kutoka pesa yoyote inayoingia kwenye M-Pesa yako. Dada yako akikutumia elfu tatu za sare ya mtoto, deni linachukua sehemu yake kabla hujafika dukani. Mzazi anasimama kaunta, sweta imeshafungwa kwenye karatasi, anasoma ujumbe wa simu mara ya pili na hela hazitoshi.

Viti azima kwa jirani au kanisani. Januari fundi wa viti hana wateja, mtaelewana bei vizuri.

Mimi ni mjane, Luanda, Vihiga. Ukoo wote hukusanyika kwangu kwa sababu boma ni la mkubwa. Nisipochinja watasema, nikichinja nakosa hela ya mbegu na mbolea.

Mama, mbegu na mbolea zisiguswe. Ukikosa kupanda mvua ya Machi, hao watakaosema hawatakulisha Agosti.

Usilibebe jambo hili peke yako. Tafuta shemeji mmoja anayeheshimika, umweleze hali ilivyo bila kuficha, naye ndiye azungumze na wenzake. Yakitoka kwake hakuna atakayesema mjane ni mchoyo. Na asiombe "mchango", maana neno hilo kila mtu hulipita akidhani mwenzake atatoa. Ampe kila mmoja kitu chake kwa jina: wa Nairobi walete nyama, wa Kisumu samaki, wa Eldoret unga wa ngano na mafuta, vijana wachote maji na kupasua kuni. Wewe umetoa boma, mboga na mikono yako, na hayo si madogo. Kwa Krismasi ijayo waanze kuweka kidogo kidogo tangu Februari, wanunue ng'ombe mmoja kwa pamoja na kugawana nyama.

Wengi wetu huvunjika Desemba kwa kuogopa maneno ya watu kuliko kwa njaa. Ndiyo maana nasisitiza kusema mapema.

Supamaketi za hapa Kisumu zimejaa ofa. Nitajuaje ipi ni ya kweli? – Mwendesha boda, Nyalenda

Gawanya bei kwa kilo au lita, basi. Una kikokotoo kwenye simu. Pakiti kubwa wakati mwingine ni ghali kuliko ndogo mbili. Fanya vivyo hivyo kwa mafuta ya kupimiwa: tuseme ya shilingi 50 ni mililita 150, basi lita moja unailipa shilingi 333. Linganisha na chupa iliyofungwa, kisha amua. Na uwe umekula kabla ya kuingia.

Nguo za Krismasi za watoto je? – Dada wa Manyatta

Nenda soko la Kibuye Jumapili, asubuhi na mapema, kabla ya wiki ya Krismasi. Viatu viwe vyeusi vya shule: wavae sikukuu, wavae na Januari.

Nikitoa karo, sare na kodi nabaki na elfu chache. Niziweke wapi? – Baba wa Nakuru

Nunua mahindi, ndugu yangu. Mavuno ya Trans Nzoia, Uasin Gishu na Bungoma huingia sokoni mwishoni mwa mwaka, na bei huwa chini kuliko ile ya Mei na Juni ghala zikishakauka. Gunia la kilo 90 ni gorogoro 45 za kilo mbili. Piga hesabu familia yako hula ngapi kwa wiki.

Ila yawe makavu. Chukua chupa kavu ya glasi, tia mahindi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha yaache yatulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, bado yana unyevu na yataota ukungu, tena ukungu wa sumu. Muuzaji akikataa upime, nenda kwa mwingine. Ukifika nyumbani, yatie kwenye mfuko usiopitisha hewa, fukusi na dumuzi wafe humo ndani, na uuinue juu ya mbao, mbali na ukuta.