Uliza Ujibiwe: Walishindwa kwenye kura, wakabaki kwenye siasa za Marekani

Safari hii barua nyingi zinauliza kuhusu makundi ya msimamo mkali ya mrengo wa kulia nchini Marekani: yaliendeshwaje, kwa nini hayashiki madaraka kwa jina lake, na yameacha nini nyuma. Tumechagua zile zinazogusa mambo ambayo wengi wameyauliza.

SWALI: Ndugu mhariri, naomba kuelimishwa. John Birch Society hutajwa kila watu wanapoeleza siasa za leo za Marekani, lakini sioni uchaguzi wowote iliowahi kushinda. Ilikuwa chama, klabu au kitu gani?

JIBU: Haikuwa chama cha siasa, na haikusimamisha wagombea kwa jina lake. Ilianzishwa Indianapolis mwezi Desemba 1958 na Robert Welch, mfanyabiashara wa peremende aliyestaafu, mbele ya wanaume 11 aliowaalika kumsikiliza kwa siku mbili. Jina alilichukua kwa mmisionari aliyekuwa pia ofisa wa ujasusi wa jeshi, aliyeuawa na wakomunisti wa China Agosti 1945. Kwa Welch, huyo ndiye mhanga wa kwanza wa Vita Baridi. Makao makuu yaliwekwa Belmont, Massachusetts.

Nguvu yake ilikuwa kwenye muundo. Mwanachama aliingia katika kikundi cha watu kati ya 10 na 20, kilichokutana sebuleni kwa mmoja wao. Ada ilikuwa dola 24 kwa mwaka kwa mwanaume na dola 12 kwa mwanamke. Juu ya vikundi walikuwapo waratibu wa kulipwa mshahara. Kila mwezi jarida lilitoka Belmont likiwa na kazi za mwezi huo: mbunge wa kuandikiwa barua, kampuni ya kulalamikiwa, kijitabu cha kusambaza. Mwanachama naye alirudisha taarifa ya alichofanya. Viongozi hawakuchaguliwa kwa kura. Welch aliamini mikutano ya kupiga kura ni mlango wa maadui kujipenyeza, kwa hiyo neno lake ndilo lilikuwa la mwisho.

Pembeni waliunda kamati za jambo moja moja, ambazo mtu angeweza kujiunga nazo bila kuwa mwanachama. Moja ilidai Jaji Mkuu Earl Warren ang'olewe, hasa kwa sababu ya hukumu ya 1954 iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi shuleni. Mabango yake yalisimama kando ya barabara kuu sehemu nyingi za nchi. Nyingine ilitaka Marekani ijitoe Umoja wa Mataifa. Nyingine iliwatetea polisi wa mitaani. Mwaka 1960 Welch aliwaagiza wanachama waingie kwenye vyama vya wazazi na walimu mwanzoni mwa mwaka wa shule, waje na rafiki zao, kisha wavishike. Hapo pana akili kubwa ya siasa. Kikao cha wazazi kina watu wachache, wengi wanataka kiishe warudi nyumbani, na atakayebaki hadi saa nne usiku ndiye anayepitisha azimio.

Udhaifu wa mtambo huu ulionekana 1964. Kampuni ya Xerox ilitangaza kufadhili vipindi vya televisheni kuhusu Umoja wa Mataifa, na barua za kupinga zikamiminika kwa makumi ya maelfu. Zilipochambuliwa, ikaonekana walioandika ni wachache kuliko barua, maana mtu mmoja aliandika nyingi. Xerox hawakurudi nyuma.

Kuhusu ukubwa, makadirio ya katikati ya miaka ya 1960 ni kati ya wanachama 60,000 na 100,000. Ni makadirio tu, kwa kuwa orodha ilikuwa siri. Ukiona namba kamili hadi mtu wa mwisho, mwulize mwandishi ameitoa wapi.

SWALI: Nimesoma kwamba wahafidhina wenyewe waliwafukuza watu wa Birch. Kama walifukuzwa, mbona mawazo yao bado yapo?

JIBU: Walifukuzwa nusu nusu, na kwa hatua. Welch alikuwa ameandika mswada uliodai kwamba Rais Eisenhower, jenerali aliyeongoza vita dhidi ya Hitler upande wa Ulaya Magharibi, alikuwa wakala wa njama ya kikomunisti, tena kwa kujua. Dai hilo lilipofika magazetini likawa aibu kwa kila aliyekuwa karibu naye. Mwaka 1962 jarida la kihafidhina la National Review lilimshambulia Welch, lakini likawaacha wanachama wake. Sababu si ngumu kuiona: hao ndio waliolipia jarida, waliochangia fedha na waliobisha hodi nyumba kwa nyumba wakati wa kampeni. Seneta Barry Goldwater naye alisema Welch ajiuzulu, huku akiwaita wengi wa wanachama watu wema. Mpaka Oktoba 1965 ndipo jarida hilo lilipoigeukia jumuiya nzima.

Katikati ya tarehe hizo mbili Goldwater aliteuliwa kugombea urais kwa tiketi ya Republican, Julai 1964, katika ukumbi wa Cow Palace huko San Francisco. Wajumbe waliikataa hoja ya kulilaani kundi la Birch kwa jina. Kwa hiyo mlango mmoja ulifungwa na mwingine ukaachwa wazi, na tunadhani ilikuwa makusudi.

Novemba Goldwater alianguka vibaya: majimbo 6 na kura 52 za wajumbe wa majimbo wanaomchagua rais, dhidi ya 486 za Lyndon Johnson. Wengi waliandika kwamba mrengo huo umezikwa. Hawakuangalia mambo mawili. Kwanza, majimbo 5 kati ya hayo 6 (Alabama, Georgia, Louisiana, Mississippi na South Carolina) yalikuwa ya Kusini ya ndani, ambako kwa miongo mingi ilikuwa nadra Republican kushinda, na Goldwater alikuwa ameipigia kura ya hapana Sheria ya Haki za Kiraia, iliyopinga ubaguzi wa rangi, mwaka huohuo. Pili, yalibaki majina.

Hili la majina tulieleze, kwa sababu lina uzito kuliko hotuba zote. Sheria ya wakati ule ilitaka wachangiaji wa dola 50 na zaidi waorodheshwe kwa Karani wa Baraza la Wawakilishi, na mtu yeyote aliruhusiwa kuisoma orodha hiyo. Kijana aitwaye Richard Viguerie alikwenda Washington na kuanza kunakili kwa mkono majina na anwani za waliomchangia Goldwater, kisha akaajiri watu wamsaidie. Alitoka na majina 12,500 hivi. Mwaka 1965 alifungua kampuni ya kuchangisha kwa barua za posta. Biashara hiyo ina tabia yake: barua za kwanza kwa wageni aghalabu hula hasara. Faida huja kwa anayejibu, kwa sababu aliyewahi kutoa dola 15 akikasirishwa na jambo fulani atatoa tena akikasirishwa na jingine. Ndiyo maana barua zile ziliandikwa kwa moto. Barua ya upole haikurudisha hata gharama ya stempu.

SWALI: Mgombea mkali anawezaje kumwangusha mkubwa wa chama wakati wapiga kura wengi hawamtaki?

JIBU: Uwanja wake ni mchujo, yaani kura ya ndani ya chama ya kumpata mgombea wake. Mfumo wa Marekani humpa kiti anayeongoza, bila mgao wa viti kwa asilimia. Chama cha tatu chenye asilimia 15 kila mahali kinaweza kutoka bila kiti hata kimoja. Njia ya mkato kwa kundi dogo ni kuingia ndani ya chama kikubwa.

Mambo huenda hivi. Unatafuta wilaya ya uchaguzi ambayo chama kimoja hushinda kila mara. Hapo mchujo ndio uchaguzi wenyewe. Unaangalia sheria ya jimbo, kwa kuwa kila jimbo lina yake: kuna mchujo wa waliojiandikisha na chama tu, kuna ulio wazi kwa wote, na kwingine mkutano mkuu wa wajumbe huwachuja wagombea kwanza. Unakusanya saini zinazotakiwa kabla ya siku ya mwisho. Wengi hukwama hapa kwa saini mbovu, za watu wasioandikishwa au wa wilaya jirani. Kisha unasahau wapiga kura wote na kuwatafuta wale wachache wanaojitokeza kwenye mchujo.

Mfano wa Utah ni wa wazi. Seneta Bob Bennett alitafuta kurudi mwaka 2010 mbele ya wajumbe 3,500 hivi wa chama chake. Wanaharakati wa Tea Party, vuguvugu la wahafidhina wakali ndani ya Republican, walikuwa wameshahudhuria vikao vya mitaa ambako wajumbe hao huchaguliwa, wakachukua nafasi. Bennett alimaliza wa tatu na jina lake halikufika hata kwenye karatasi ya mchujo. Juni 2014 huko Virginia, Eric Cantor, kiongozi wa wabunge wa Republican katika Baraza la Wawakilishi, aliangushwa na Dave Brat, mwalimu wa uchumi asiyejulikana, katika mchujo wa kura 65,000 hivi. Wilaya kama ile ina wakazi zaidi ya 700,000.

Njia hiyo ina kasoro yake: anayeshinda mchujo kwa ukali anaweza kupoteza uchaguzi wenyewe. Hata hivyo kundi huwa limeshapata lilichotaka, kwa sababu wabunge waliobaki hubadili kura zao kwa kuogopa mchujo ujao.

SWALI: Je, ni kweli kwamba Ku Klux Klan waliwahi kuishika serikali ya jimbo?

JIBU: Indiana, miaka ya 1920, walikaribia sana. Klan ni kundi la Wazungu wabaguzi. Klan ya pili, iliyoanza Georgia mwaka 1915, iliendeshwa kama biashara ya kamisheni: kiingilio dola 10, na mwandikishaji alibaki na dola 4. Ikaenea Kaskazini ikiwalenga Wakatoliki, Wayahudi na wahamiaji, pamoja na Weusi. Ed Jackson alichaguliwa gavana wa Indiana 1924 kwa msaada wake. Mwaka uliofuata mkuu wa Klan jimboni, D.C. Stephenson, akatiwa hatiani kwa mauaji ya mwanamke. Alitegemea msamaha wa gavana. Alipoukosa, akaanza kutoa siri za hongo, na wanachama wakatawanyika kwa kasi.

Sheria ya uhamiaji ya 1924, ambayo Klan iliipigia debe pamoja na wengine wengi wasiokuwa Klan, iliweka mgao wa asilimia 2 kwa kila taifa kulingana na sensa ya 1890. Mgao wa kitaifa uliendelea kuwa sheria hadi 1965. Klan ile ilikuwa imeshakufa zamani.

SWALI: Mtu akisema yeye si raia wa serikali kuu ila ni "mtu huru" chini ya sherifu wake, hiyo imetoka wapi? Inafanya kazi mahakamani?

JIBU: Haifanyi kazi. Mahakama za Marekani zimeikataa kila ilipoletwa. Chanzo chake kikubwa ni kundi la Posse Comitatus la miaka ya 1970, lililofundisha kwamba sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, ndiye mamlaka ya juu kabisa. Lilipata wasikilizaji vijijini katika mgogoro wa madeni ya wakulima miaka ya 1980, likiwauzia hati za kudai kufuta mikopo ya benki. Mkulima alilipia hati, akaziwasilisha, akashindwa kesi, na shamba likapigwa mnada vilevile. Silaha yao nyingine ni kusajili deni bandia juu ya nyumba ya jaji au karani. Mhusika huligundua siku anayotaka kuuza nyumba, na kulifuta kunadai muda na wakili. Majimbo mengi yamelifanya kuwa kosa la jinai.

Wanamgambo wa miaka ya 1990 ni tawi jingine. Walikua baada ya makabiliano ya maofisa wa serikali kuu na watu wenye silaha huko Ruby Ridge, Idaho, Agosti 1992, na Waco, Texas, ambako mzingiro uliisha kwa moto Aprili 19, 1993. Tarehe hiyohiyo mwaka 1995 bomu la mtu aliyekasirishwa na Waco liliua watu 168 Oklahoma City.

SWALI: Kwa hiyo Trump ametokana na John Birch Society?

JIBU: Kumuunganisha moja kwa moja ni kuruka hatua nyingi. Ukitaka mtangulizi wa karibu, mtazame Pat Buchanan, aliyempinga Rais Bush baba katika mchujo wa 1992 na kupata asilimia 37 hivi huko New Hampshire. Uzio mpakani, kupinga mikataba ya biashara huria, kaulimbiu ya Marekani Kwanza: vyote vilikuwamo. Kaulimbiu hiyo nayo ilikuwa imetumiwa na kamati ya 1940 na 1941 iliyopinga kuingia vitani, iliyovunjwa siku chache baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor. Kuna kichekesho hapa: Trump na Buchanan walipokuwa wote wanaitamani tiketi ya Reform Party, chama kidogo cha tatu, kwa ajili ya uchaguzi wa 2000, Trump ndiye aliyemshutumu mwenzake kuwa na misimamo mikali mno.

Kinachofuatika kwa ushahidi ni hoja moja moja. Vita dhidi ya floraidi, kemikali inayowekwa kwenye maji ya bomba ili kulinda meno, vilipiganwa na watu wa Birch tangu mwanzo. Mwaka 2025 Utah ikawa jimbo la kwanza kuipiga marufuku, Florida ikafuata. Lakini hoja za leo huko Utah zilihusu zaidi afya na uhuru wa kuchagua, si ukomunisti. Anayesema ni hoja ileile anapaswa kuonyesha nani aliipokea kwa nani.

SWALI: Chama cha George Wallace cha 1968 kimeishia wapi?

JIBU: Wallace, gavana wa zamani wa Alabama aliyetetea utengano wa rangi, alipata asilimia 13.5 ya kura, majimbo 5 na kura 46 za wajumbe. Ili jina lake liingie kwenye karatasi ya California, wapiga kura 66,000 hivi walipaswa kujiandikisha chini ya chama chake, American Independent Party, na akawapata. Mwaka 1972 chama hicho kilimsimamisha John Schmitz, mbunge wa Orange County na mwanachama wa John Birch Society, akapata kura milioni 1.1.

Bado kipo California. Mwaka 2016 kilikuwa na karibu nusu milioni ya walioandikishwa. Gazeti la Los Angeles Times lilipofanya uchunguzi wa maoni, karibu robo tatu yao hawakujua kwamba wako kwenye chama. Waliona neno "Independent" kwenye fomu, wakadhani wanaweka alama ya kutokuwa na chama chochote.