Matone ya kumchukiza mwanachuo pombe: usimwekee hata moja

SWALI: Daktari pole na kazi. Mdogo wangu wa kiume yuko chuo mwaka wa kwanza na mimi ndo namlipia ada. Tangu ahamie hosteli kaanza pombe, ikifika wikendi simu hapokei, na likizo iliyopita nguo zake zilinuka bangi ila akakataa katakata. Nimepata mtu anauza matone hayana rangi wala ladha, unaweka kwenye juisi bila yeye kujua kwa siku 7 anaichukia pombe mwenyewe, anasema yanatibu na bangi na sigara. Kwa mtu wa kilo 60 niweke matone mangapi?

JIBU: Dada yangu, hata moja usiweke. Najua umeuliza dozi, ila siwezi kukupangia dozi ya kitu ambacho hata anayekuuzia hajui kina nini ndani. Na si wewe tu, vyuo vikifungua haya maswali yanaanza kumiminika, leo dada mtu kesho baba mtu keshokutwa shangazi, na wote wameambiwa maneno yale yale, hayana rangi hayana ladha hatajua.

Hicho kichupa kina moja kati ya mawili. Huenda ni maji na sukari na majani fulani, hapo umeliwa hela na wiki nzima umeipoteza ukisubiri muujiza. Au kuna mtu kasaga humo vidonge vya disulfiram, na hapa ndo uvumilivu unaniishia kabisa.

Disulfiram ni dawa kweli, hospitali ipo, Jens Hald na Erik Jacobsen wa Denmark waliandika habari zake mwaka 1948. Lakini haimfanyi mtu achukie pombe rohoni kama mnavyoambiwa. Pombe ikiingia mwilini inavunjwa kwanza inakuwa sumu inayoitwa asetaldehaidi, kisha ini linaimalizia haraka, sasa hii dawa inazuia hiyo hatua ya pili, kwa hiyo sumu inajaa kwenye damu. Ndani ya dakika 10 mpaka 30 uso unawaka moto, kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio, anatapika, presha inashuka, na kama alikunywa nyingi anaweza kupata degedege, moyo ukashindwa, akafa. Ndo maana hospitali hatumpi mtu mpaka akubali mwenyewe, tumpime ini na moyo, awe amekaa angalau saa 12 bila pombe, na tumwambie akae mbali hata na dawa ya kikohozi yenye kilevi. Karatasi ya maelezo ya hiyo dawa inasema wazi asipewe mtu aliyelewa wala mtu asiyejua anapewa nini. Asiyejua! Yaani jambo ambalo muuzaji wako analitangaza kama sifa ndo lenyewe limekatazwa.

Piga picha sasa, Ijumaa mchana umemnywesha juisi, jioni yuko na wenzake, chupa ya pili anaanza kutapika na kuishiwa nguvu. Wenzake watasema huyu kazidisha leo, mlazeni, wanamfunika shuka wanarudi kwenye muziki wao. Akibahatika kufikishwa hospitali, daktari wa zamu anampokea kijana ambaye hakuna hata mmoja anayejua kala nini, na anayejua uko nyumbani umelala.

Kuhusu bangi nitasema kwa kifupi, disulfiram haigusi bangi kabisa na mpaka leo hakuna dawa iliyoidhinishwa ya kuachisha bangi, iwe kidonge au matone, kwa hiyo mtu akikwambia kitu kimoja kinatibu pombe, bangi na sigara ujue amekwisha kukujibu swali lako mwenyewe.

Halafu kuna wazo lililojificha nyuma ya haya matone, kwamba mtu anaweza kuzuiwa asinywe bila yeye kushiriki. Tuseme hata yangefanya kazi, akimaliza siku 7 anarudi hosteli ile ile, marafiki wale wale, na hakuna alichojifunza zaidi ya kuumwa tumbo. Siku akigundua ulimwekea kitu ndo hatakwambia tena neno la kweli, na wewe ndo mtu pekee mwenye sababu ya kuambiwa.

Zungumza naye, ila si usiku amerudi amelewa na si kwa kumtishia ada. Asubuhi kichwa kimetulia, muulize kwa namba. Wanachuo wengi hawajui wanakunywa kiasi gani, atakwambia "mbili tu". Mbili za nini? Kipimo kimoja cha Shirika la Afya Duniani ni gramu 10 za kilevi halisi, bia ya nusu lita ya asilimia 5 ina karibu gramu 20, hiyo tayari vipimo 2. Kichupa bapa cha pombe kali cha mililita 200 chenye asilimia 40 kina zaidi ya gramu 60, na nimeona vijana wanakigawana wawili kabla hata ya kutoka kwenda kwenye sherehe halafu wanaanza kuhesabu wakifika huko. Shirika hilo hilo lina dodoso linaitwa AUDIT, maswali 10, kwa mfano ni mara ngapi unafikisha vipimo 6 kwa mkao mmoja, ni mara ngapi unaamka hukumbuki ya jana usiku. Alama 8 kwenda juu hali ni ya hatari, aonane na mshauri wa chuo au kliniki. Ajaze mwenyewe, usimjazie.

Muulize pia anadhani wenzake wangapi wanakunywa hivyo. Watafiti wa Marekani, Perkins na Berkowitz, walionyesha tangu 1986 kwamba wanafunzi hudhani wenzao wanakunywa kuliko wanavyokunywa kweli, maana anayeonekana ni yule anayepiga kelele korido saa 8 usiku, waliolala hawaonekani. Kijana wa mwaka wa kwanza anakimbizana na umati ambao haupo. Nimeona wakilegea kwa hilo tu, kuliko kwa mahubiri ya masaa mawili.

Na vyuo nanyi msicheke, njia za mkato mnazo pia. Seminari moja ya wiki ya kwanza yenye picha za maini yaliyooza, mmemaliza. Au vipimo vya mkojo vya kushtukiza, wakati kipimo cha kawaida pombe hakiioni baada ya siku moja hivi ila bangi kwa mvutaji wa kila siku kinaiona hata wiki kadhaa, sasa hapo mwanafunzi mjanja anajifunza nini? Anahamia kwenye kisichoonekana. Kuna na hawa wa dripu za "kusafisha damu", ini na figo zinasafisha bure na hazisukumwi na dripu. Wabaya zaidi ni wanaomfungia kijana chumbani aache ghafla, kama alikuwa anakunywa nyingi kila siku anaweza kuanza kutetemeka ndani ya saa chache, degedege ndani ya siku 2, na siku ya 2 mpaka ya 4 akachanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo. Hiyo inaua. Mnywaji wa kila siku anaachishwa na hospitali, hafungiwi mlango.

Kama kuna mzazi au ndugu anasoma hapa na tayari ameshaweka hayo matone, mwambie kijana leo, uone aibu lakini umwambie, maana disulfiram inaweza kubaki mwilini mpaka siku 14 na siku zote hizo asiguse pombe. Kichupa usikitupe. Akianza kuwaka uso, kutapika au kifua kubana mkimbize hospitali na hicho kichupa mkononi, umpe daktari, umwambie umeweka matone mangapi na lini.