Windows niliifuta vizuri tu, shida ikawa kale ka MB 100

Juzi msomaji mmoja kaniandikia, "Kaka, laptopu yangu ina Windows na Ubuntu, Windows sijaigusa mwaka mzima, nataka hizo GB zangu, nafanyaje?" Nikacheka kwanza, alafu nikanyamaza, maana hilo swali mimi lilinikosesha usingizi.

Diski yangu ni ya GB 256. Windows 10 ilikuwa imekalia 150, mi na Ubuntu yangu (mfumo wa bure, aina ya Linux) tumebanana kwenye 80 na kitu, kila siku nafuta video ili nipate pa kuweka nyingine. Microsoft walivyoacha kuihudumia Windows 10 Oktoba 14, 2025 nikasema sasa nasubiri nini? Nikabuti kwa flashi ya Ubuntu, nikafungua GParted, programu ya kugawa diski, nikaifuta ile patisheni (yaani kipande cha diski) kubwa ya ntfs, muundo ambao Windows hukaa nao. Raha! Pembeni nikaona kapatisheni kamoja ka MB 100, muundo wake fat32, nikajua haya nayo ni makombo ya Windows, nikafuta. Na kwa vile nimeingia kwa flashi GParted wala haikunizuia, ningekuwa ndani ya Ubuntu yenyewe ningekaona kana alama ya kufuli, maana yake kanatumika.

Kuwasha, kioo cheusi, eti hakuna cha kubuti.

Nikampelekea fundi, kaangalia dakika tano, "diski imekufa hii, nunua SSD." Nilikaribia kulia bana, picha za mwanangu zote zimo humo na bakapu sina. Usiku nikakaa nayo mwenyewe, nikaandika lsblk -f, amri ya kuorodhesha patisheni zote, nakuta ext4 yangu, yaani patisheni ya Ubuntu, ipo nzima kabisa! Kumbe kale ka MB 100 ndo EFI, pale kompyuta inapotafuta cha kuwashia, Ubuntu nayo ilikuwa imeweka GRUB yake (programu inayoiwasha) humohumo kwa Windows. Nikatengeneza kapya ka fat32, nikakawekea alama za boot na esp, nikarudisha GRUB kwa programu ya Boot-Repair, nikabadili na UUID (namba ya utambulisho wa patisheni) kwenye /etc/fstab, faili linaloiambia Ubuntu ifungue patisheni zipi ikiwaka, maana ile ya zamani imeshapotea. Saa tisa usiku ikawaka. Mwenyewe, bila fundi.

Kwaiyo ndugu yangu, bakapu kwanza. Bakapu! Alafu futa ile ntfs kubwa tu, ya EFI usiiguse hata iwe inakuudhi vipi.

Na usilazimishe kuiunganisha ile nafasi na Ubuntu. Kama Windows ilikaa kushoto, ext4 haitanukii huko hivihivi, inabidi patisheni nzima isogezwe ukiwa kwenye flashi, inaweza kula masaa, na umeme wetu huu mnaujua, ukikatika katikati na betri imechoka utanikumbuka. Mi niliiformati ext4, nikaipa jina data, nikaiweka kwenye fstab kwa UUID pamoja na neno nofail, ili hata ikigoma laptopu iwake. Video zote nimehamishia huko. Mwisho nikaandika sudo update-grub, amri ya kuandika upya menyu ya kuwashia, jina la Windows likaondoka kwenye menyu.

Vijana tuna haraka sana na kubonyeza, kitu hujui ni nini unafuta, ya nini? Kiulize kwanza. Nasema hivi kwa sababu mimi sikuuliza.

Wewe uliyeniandikia, nitumie picha ya lsblk -f kabla hujagusa chochote. Yule fundi naye jana kanipigia, anauliza SSD nimeshapata au aniletee.