Wanafunzi wanaosoma slaidi: anza na dakika chache, mara nyingi

Mkuu, umesema una wanafunzi 30 wa mwaka wa pili, kila mmoja anawasilisha mara moja tu kwa muhula, dakika 15, na karibu wote wanageukia ukuta na kusoma slaidi neno kwa neno. Unauliza uwaongezee somo gani. Kwa ninavyoijua kazi hii, usiwaongezee somo, waongezee zamu. Wasilisho moja kwa muhula ni mtihani usio na mazoezi: mwanafunzi anayasikia maneno yake yakimtoka mdomoni kwa mara ya kwanza siku ileile anayopewa alama. Lazima ashike kitu, na kilicho karibu ni slaidi.

Anza bila slaidi. Wapange wawiliwawili, mmoja aeleze mada yake kwa dakika 4. Kisha abadilishe msikilizaji, aeleze mada ileile kwa dakika 3, halafu kwa msikilizaji wa tatu, dakika 2. Mara ya kwanza atababaika kwa sababu anatafuta hoja na maneno kwa wakati mmoja. Mara ya pili hoja anazo, anatafuta maneno tu. Ya tatu utamsikia mwenyewe anatupa yasiyo na kazi. Msikilizaji lazima awe mpya kila mara, la sivyo mzungumzaji anaruka mambo akijua mwenzake keshayasikia. Wakibadilishana zamu, zoezi zima halizidi dakika 25, na darasa lote linazungumza.

Baada ya wiki mbili au tatu za hivyo, wape makundi ya watu watano: dakika 2 za kuzungumza wakiwa wamesimama, dakika 2 za maoni. Hapa kwenye maoni ndipo walimu wengi tunapoharibu. "Jiamini zaidi" si maoni, hakuna anayejua akifika nyumbani afanye nini nayo. Mwambie: "Ulipofika kwenye jedwali ulitupa mgongo mpaka ukalimaliza." Hilo analirekebisha kesho. Jambo moja la kubakiza, jambo moja la kubadili, basi. Ukimpa saba hatashika hata moja. Akijirekodi kwa simu, aangalie kwanza bila sauti aone mikono na macho, halafu asikilize bila picha.

Sasa slaidi. Kusoma slaidi kunachosha kwa sababu jicho la msikilizaji linakwenda kasi kuliko mdomo wa msomaji: keshamaliza, anasubiri, na akili imeshatoka nje. Dawa ni kichwa cha slaidi kiwe sentensi kamili yenye dai, na chini yake ushahidi tu: picha, grafu, au namba chache. Usikubali kichwa kama "Matokeo". Dai liwe "Mbegu zilizolowekwa usiku kucha ziliota mapema kuliko zilizopandwa kavu", na chini grafu yenye mistari miwili. Hapo hakuna cha kusoma zaidi ya sentensi moja, inabidi aeleze. Na aeleze kwa mpangilio: mhimili wa chini ni siku, wa kusimama ni idadi ya mbegu zilizoota, ndipo aonyeshe pale mistari inapoachana. Wengi wanarukia hitimisho wakati watu bado wanatafuta grafu inapima nini. Herufi zisipungue ukubwa wa 24. Kwenye PowerPoint, kubonyeza B wakati wa onyesho kunaifanya skrini kuwa nyeusi, na macho yote yanamrudia mzungumzaji.

Kuhusu woga, tafadhali usiwaambie "tulia". Moyo unaodunda hautii amri. Mwaka 2014 mtafiti Alison Wood Brooks alichapisha majaribio yaliyoonyesha kuwa waliojiambia "nina hamasa" kabla ya hotuba walipimwa kuwa bora kuliko waliojiambia "nimetulia". Na mwaka 2003 wanasaikolojia Savitsky na Gilovich walionyesha kwamba wasikilizaji hawauoni woga kwa kiasi ambacho mzungumzaji anadhani wanauona, na waliodokezwa jambo hilo mapema walizungumza vizuri zaidi. Wadokeze wako pia. Kisha mambo madogo ya mwili: karatasi laini hukuza mtetemeko wa mkono, kwa hiyo waandike maneno ya msingi kwenye kadi ngumu zenye namba. Sentensi mbili za mwanzo wazikariri, maana dakika ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote. Lakini wasikariri wasilisho zima: neno moja likipotea, mnyororo wote unakatika.

Zile "aaa" na "yaani" usizihesabu mbele za watu. Mfundishe kufunga mdomo mwisho wa sentensi na kuvuta pumzi. Kimya cha sekunde mbili kwake ni kirefu kama mwaka, kwa msikilizaji ni nafasi ya kuelewa. Na mwenye kigugumizi mwongezee muda, wala asiwepo wa kummalizia neno.

Muda: wa dakika 15 ajiandae kwa 13, akipima kwa kusema kwa sauti akiwa amesimama. Usomaji wa kimoyomoyo una kasi zaidi, utamdanganya. Aamue mapema mfano upi utakatwa akichelewa, kwa sababu asipoamua ataongeza kasi, na kasi inaua sehemu ya mwisho, ambayo kwa kawaida ndiyo yenye matokeo.

Maswali nayo yana mazoezi yake. Kila msikilizaji aandike swali moja, mzungumzaji alirudie kwa maneno machache ili wa nyuma wasikie, ajibu, anyamaze. Asilolijua aseme data yake inafika wapi na inakomea wapi. Na abakize sentensi moja ya kufungia baada ya maswali, ili kikao kisiishie kwenye swali la mtu mwingine.