Kwa Wapya wa Zizini: Mwangalieni Zaidi Farasi Asiyesumbua

"Huyu hata umfanye nini, hanung'uniki." Nimeisikia tena wiki hii, ikisemwa kwa sifa kabisa, na aliyeisema alikuwa akimpapasa shingo farasi ambaye masikio yalikuwa yamelala kando, midomo imebana, macho yametazama ukutani. Kila kundi la wapya wanaokuja kutusaidia kuwapandisha farasi watoto wenye ulemavu, kama tiba, huja na kauli hiyo. Nawapenda, wadogo zangu. Mnafika alfajiri bila kusukumwa, mnazoa mavi bila kukunja uso, na watoto wamewazoea upesi. Lakini kauli hiyo inanichoma, maana najua inakoishia, na ndiyo iliyonikalisha chini kuandika haya.

Kumwongoza farasi, kumsindikiza mpandaji kwa kutembea pembeni, kumpandisha kutoka jukwaani, pale anaposimama kabla ya kukalia tandiko, kumshusha kwa dharura: hayo mmeshafundishwa na mnayaweza. Kamba hamuizungushi tena mkononi, namshukuru Mungu. Yangu leo ni ya upande wa mnyama.

1. Uso kwanza, brashi baadaye.

Ukifika mlangoni mwa banda, simama umtazame kabla hujamgusa. Mwaka 2014 watafiti walichapisha kipimo cha maumivu kinachosomwa usoni mwa farasi, chenye alama sita: masikio yaliyokakamaa kuelekea nyuma, kope zinazobana jicho, mvutano juu ya jicho, misuli ya kutafunia iliyotuna, mdomo uliokazwa hadi kidevu kikajitokeza, na pua zilizovutika. Hakuna mashine inayohitajika hapo, macho yako tu. Ila usiyemjua akiwa mzima hutamtambua akiumwa, kwa hiyo nendeni malishoni siku ya mapumziko mkawaangalie wakiwa hawana la kufanya. Na mkimwona farasi analamba midomo na kutafuna hewa, msikimbilie kushangilia kwamba ametulia. Huenda ametulia kweli, lakini ametulia kutoka wapi? Rudisheni fikra nyuma kidogo mtafute kilichomkaza.

2. Mkanda wa tumbo hukazwa kwa awamu.

Tundu moja, mtembeze. Tundu jingine, mtembeze. Kisha kagua tena kabla ya jukwaa. Ningeishia hapo kama si Zabibu.

Zabibu ni jike wa kahawia, mgongo mpana, hatua ndefu iliyo sawa. Hatua hiyo ndiyo wataalamu wa fiziotherapia wanayoitafuta, kwa sababu farasi anapotembea, nyonga za aliyempanda husogea mbele na nyuma, juu na chini, kushoto na kulia, karibu sawasawa na nyonga za mtu anayetembea kwa miguu yake mwenyewe. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye hajawahi kupiga hatua anaupata mwendo ule mwilini kupitia kwa Zabibu. Kwa hiyo kila mtu alimtaka. Ratiba nilikuwa naipanga mimi, na kila penye ugumu niliandika jina lake. Mpandaji mzito, Zabibu. Mtoto anayepiga mayowe, Zabibu. Anayepanda kwa mara ya kwanza na anaogopa, Zabibu.

Akaanza kugeuza kichwa tunapomkaza mkanda. Tukasema anadeka. Akaanza kulaza masikio akiliona tandiko linakuja. Tukasema ni hasira za majike, zitapita. Akawa anaacha punje kwenye ndoo anakula nyasi tu, nasi tukaona afadhali, alikuwa ameanza kunenepa. Kisha akaacha kutoa kichwa mlangoni asubuhi. Ukipita unamkuta kaelekea kona. Na kipindi hichohicho ndipo tulipomsifu kuliko wakati wowote, kwa sababu aliacha pia kugeuza kichwa. Ukikaza mkanda kwa mvuto mmoja, kimya. Ukimletea mpandaji wa nne bila mapumziko, kimya. Wageni walipouliza farasi gani anaaminika zaidi, nilimwonyesha yeye, na nikasema maneno yaleyale niliyoyasikia wiki hii.

Hakuwa amezoea. Alikuwa amesema kwa kila njia aliyokuwa nayo, hakuna aliyemjibu, akaacha kusema.

Siku iliyotufumbua macho, mtoto alikuwa amekaa nusu, mguu mmoja ungali jukwaani, Zabibu akachepuka ghafla. Msindikizaji wa upande wa pili alikuwa makini, akamkumbatia mtoto na kumtoa juu ya tandiko. Hakuumia, lakini alilia, na mama yake akalia. Nilipomshika Zabibu nilimkuta anatetemeka mbavu zote. Palepale kuna aliyesema huyu sasa ni hatari, aondolewe shambani, na nilikaribia kukubali.

Daktari wa wanyama alimpapasa kwa vidole viwili kutoka shingoni hadi kiunoni, akanionyesha anavyoinama kila anapoguswa mahali fulani. Vile vidoa vya nywele nyeupe kwenye mgongo, ambavyo watoto walivipenda na sisi tukaviona ni urembo, vilikuwa vimeota mahali ngozi ilipobanwa na tandiko kwa muda mrefu. Misuli ya mgongo ilikuwa imepungua, na tandiko lililomfaa zamani sasa lilikalia mfupa. Kamera ilipoingizwa tumboni ikaonyesha vidonda. Farasi wa namna hiyo anaumia tangu mkanda unapovutwa, kabla hata mtoto hajavaa kofia. Sikumpiga, sikumnyima maji, na hakuna mnyama niliyempenda kuliko yeye. Mapenzi hayo hayakumsaidia chochote, maana nilimpenda bila kumsikiliza.

Alipumzishwa, akatibiwa, akatafutiwa tandiko jingine, na sasa anabeba watoto wepesi tu, vipindi vichache. Siku hizi akigeuza kichwa tunalegeza na kusubiri, na kila anapokigeuza nafurahi. Tandiko likishatolewa, nanyi someni jasho: mgongo umelowa lakini kuna sehemu imebaki kavu, huenda tandiko linabana hapo, mniite.

3. Kusimama jukwaani ni kazi.

Wengi wenu mnalijua jina la Lis Hartel wa Denmark, aliyeugua polio mwaka 1944, miguu ikapooza chini ya magoti, na mwaka 1952 akatwaa medali ya fedha ya desaji, mchezo wa kumwongoza farasi kwa hatua za ustadi, kwenye Olimpiki ya Helsinki. Ushindi wake unatajwa kila inaposimuliwa historia ya kazi hii. Ni wachache wanaomtaja Jubilee, jike aliyempanda. Hartel alihitaji watu wa kumpandisha na kumshusha, na mtu wa kupandishwa anahitaji farasi anayeweza kusimama. Mnyama huyu ameumbwa kukimbia kinachomtisha. Anaona karibu pande zote, ila nyuma ya mkia wake haoni, wala mbele kabisa ya paji la uso. Sisi tunamwingiza katikati ya jukwaa na msindikizaji, tunamwekea mgongoni mwili unaoyumba, kisha tunamtaka asisogeze hata kwato. Basi kofia, mshipi wa usalama na mazungumzo na mzazi vimalizike kabla farasi hajafika pale. Juzi nimemkuta mmoja wenu amemsimamisha jukwaani huku akitafuta kofia ya saizi ndogo ghalani. Isitokee tena.

4. Msindikizaji, shika paja la mpandaji bila kumning'inia farasi ubavuni. Ukichoka, omba kubadilishwa upande.

5. Anakusoma kabla hujafungua mdomo.

Mwanzoni mwa karne iliyopita, huko Berlin, farasi mmoja aliyeitwa Hans alisifika kwa kujua hesabu: akiulizwa swali, anagonga kwato hadi afikie jibu. Mwaka 1907 Oskar Pfungst aligundua kwamba Hans alikuwa anawasoma watu. Muulizaji alibadilika mkao kidogo sana pale jibu lilipofika, bila kujua mwenyewe, na Hans akaacha kugonga. Asiyejua jibu alipouliza, Hans alikosa. Watu huisimulia kama habari ya farasi aliyeumbuliwa. Mimi naiona ni sifa kubwa kuliko hesabu, na ndiyo inayofanya kazi yetu iwezekane. Tuna kijana mwenye usonji ambaye hapendi kabisa kuelekezwa kwa maneno. Alipogundua kwamba akishusha pumzi na kulegeza mabega farasi anapunguza mwendo, alirudia mara nyingi sana, akicheka, na kipindi kikapita sote tukiwa kimya. Sasa fikirini farasi huyohuyo anasoma nini kwa kiongozi aliyegombana na mtu nyumbani na kuja na hasira zake mkononi. Siku kama hiyo semeni mapema, mtapewa kazi ya ghalani, na hakuna atakayewahukumu.

6. Tumbo.

Tumbo la farasi ni dogo, lita 8 hadi 15, linatoa asidi mfululizo, awe anakula au hali, na hana uwezo wa kutapika. Nyasi zisikosekane kwa saa nyingi, hata siku ya vipindi vingi. Akiwa amepumzika, moyo hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika, na joto la mwili ni nyuzi 37.5 hadi 38.5. Akigaragara, akijitazama ubavuni, akikataa chakula, au mavi yakikosekana, hapo hakuna kusubiri meneja arudi: piga simu kwa daktari.

7. Punda si farasi mdogo.

Punda wetu wawili, Kijiko na Sinia, wanapendwa kuliko wafanyakazi wote wa shamba hili, na wanastahili. Kijiko anafungua komeo kwa midomo, anatoka, halafu anarudi kumfungulia mwenzake, kisha wote wawili mnawakuta wamesimama nje ya ofisi wakingoja kukunwa masikio. Watoto wanaoogopa urefu wa farasi huanzia kwao, wakiwasugua na kuwatembeza. Lakini punda hufichua maumivu kidogo mno. Farasi mwenye tumbo la kusokota anaweza kujibwaga chini. Punda mwenye tatizo hilohilo anaweza kusimama tu kichwa kimeinama, nawe ukaona amesinzia. Punda aliyezubaa ni dharura. Akiacha kula, mafuta ya mwilini huanza kumwagika kwenye damu, na hali hiyo huua. Na msiwatenganishe wale wawili hata kwa wema. Mwaka jana Sinia alipelekwa peke yake kutibiwa kwato, Kijiko akagoma kula, tukawa na wagonjwa wawili badala ya mmoja. Sasa akienda mmoja, wanakwenda wote. Manyoya yao pia hayazuii mvua vizuri, kwa hiyo mvua ikianza, waingizwe wao kwanza.

8. Uzito, na kusema hapana.

Kipimo kinachotumiwa na wengi ni kwamba mzigo wote, mpandaji pamoja na tandiko, usizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi. Farasi wa kilo 500 basi mwisho wake ni kilo 100. Lakini mpandaji asiyeweza kujiegemeza, anayelalia upande mmoja kipindi kizima, anamwelemea mgongo kuliko kilo zake zinavyoonyesha, na hilo mizani haisemi. Mtaliona ninyi mnaotembea pembeni. Mzazi aliyetoka mbali akiambiwa leo farasi hatapandwa anaumia, nami naelewa, nimewaona machozi yao. Bado mwambieni, kwa upole, na mumpe mtoto brashi au kamba ya Kijiko. Si lazima kila kipindi kiwe cha kupanda.

Mkiona chochote, kiandikeni kwenye daftari lililo mlangoni mwa ghala la matandiko: jina la mnyama, saa, na mlichokiona, hata kama ni sikio tu. Wiki hii limejaa majina ya watoto na picha za mioyo, jambo zuri, lakini hakuna hata mstari mmoja kuhusu farasi niliyemtaja mwanzo. Kesho asubuhi hatavishwa tandiko. Aliyesema hanung'uniki aje tumkague pamoja, aanze yeye kunieleza anachokiona usoni.